Moto wa Mlangoni

Kwa miaka saba Adelin alimtafunia nguruwe chakula. Alichemsha magimbi, akayamenya, akayatafuna mpaka yakalainika kama uji, kisha akayatema kiganjani na kumlisha yule mnyama. Meno ya juu ya nguruwe huyo yaling'olewa angali mdogo, ili chonge za chini zipate nafasi ya kukua, zijikunje, zizunguke mpaka zirudi kwenye taya zilikotoka. Nguruwe wa namna hiyo haachwi ajitafutie porini. Akigonga mzizi mgumu au akipigana na mwenzake, chonge huvunjika, na chonge ikivunjika mtu amepoteza miaka yake.

Nguruwe alikuwa wa mumewe, Vuti, na Vuti alikuwa na miaka hamsini na nne bila cheo chochote.

Katika nakamal, nyumba ya wanaume wa kijiji chao, mioto ilipangwa kuanzia mlangoni hadi ndani kabisa, na kila moto ulikuwa na cheo chake. Mwanamume akiua nguruwe wa kwanza wa chonge mbele ya watu, akatangaziwa jina jipya, alisogea moto wa pili. Akiua wengine, wa tatu. Wa moto wa juu hali chakula kilichopikwa kwenye moto wa chini, hata kama mpishi ni baba yake mzazi. Vuti alipika na kula kwenye moto wa mlangoni, pamoja na vijana ambao hata ndevu hawajaota.

Laiti cheo kingekuwa cha kurithi, huenda angepumzika. Angesema sikuzaliwa nyumba hiyo, basi. Lakini kisiwani kwao, Ambae, mtu hazaliwi mkubwa. Watoto wote huzaliwa sawa, na aliye juu amepanda kwa nguruwe wake mwenyewe. Ndiyo maana aliyebaki chini hana wa kumlaumu. Kila anayempita mlangoni anamwangalia kama anayeuliza: na wewe ulikuwa wapi?

"Vuti, sogea kidogo bwana," Hango alipenda kumwambia. "Watoto wenzako wanasikia baridi."

Hango alizaliwa mwaka mmoja na Vuti. Alikuwa moto wa pili, si mbali, lakini alijua kuutumia ule umbali mdogo. Watu walicheka, na Vuti naye akacheka. Mtu akikutania ukanuna, utani unageuka kweli.

Vuti alikuwa amejaribu mara tatu. Nguruwe wa kwanza alichinjwa kwenye msiba wa mama yake. Wa pili alikwenda na kimbunga. Wa tatu, chonge zikiwa zimebakiza upana wa kidole tu kufika kwenye taya, aliruka uzio usiku akapambana na dume la jirani, na asubuhi Vuti akakuta kipande cha chonge kwenye matope. Alikiokota, akatembea nacho mpaka ufukweni, akakitupa. Kisha akalala siku tatu uso ukitazama ukuta.

Huyu wa nne ni Adelin aliyemtaka. Alimpokea mdogo kama paka, akamfungia kamba nyuma ya jiko, akamjengea banda, akawa anamsikiliza hata usingizini. Wanawake wenzake walimcheka.

"Adelin, yule ndiye mume au huyu?"

"Huyu anakula bila kulalamika," alijibu.

Mwaka wa saba chonge zilifunga duara. Vuti akaenda kwa Tevimule kuomba asimamiwe.

Hakuna anayejipa jina mwenyewe. Lazima awepo mkubwa wa kukupandisha, naye ndiye hulitamka jina lako mara ya kwanza mbele ya kijiji. Tevimule alikuwa moto wa juu kabisa, mzee mwembamba wa maneno machache. Alikuwa pia kaka wa Adelin, baba mmoja mama mmoja. Kwa hiyo kwa Vuti alikuwa shemeji, na kwa Adelin alikuwa mtu asiyemsemesha. Tangu Adelin alipovunja ungo, miaka arobaini sasa, hajawahi kutaja jina la kaka yake wala kusimama mbele yake. Akimwona anakuja njiani, hujibanza pembeni mpaka apite. Hiyo ndiyo heshima, na Adelin hakuiona kuwa mzigo. Alipokuwa na la kumwambia, alimtuma Merilin, mke wa huyo kaka, ambaye ni wifi yake na rafiki yake.

Tevimule alikubali. Waliafikiana jina: Molibani. Sherehe ingekuwa baada ya mavuno ya viazi vikuu, watu wa vijiji vinne waalikwe, na ndugu wa Vuti wachangie nguruwe wadogo kumi wa kusindikiza yule mmoja. Adelin akaanza kusuka mikeka ya mkadi na kuitia rangi nyekundu. Siku zile aliimba akisuka, na majirani walisema hawakuwahi kujua kwamba ana sauti.

Miguu ya Vuti ilianza kuvimba mwezi uliofuata. Kisha uso. Mganga wa zahanati alimbonyeza shavu, akaona kidole kinaacha shimo.

"Mafigo yamechoka, mzee. Hapa sina la kukusaidia. Inabidi uende hospitali kubwa, kisiwani Santo."

"Baada ya sherehe," Vuti alisema.

"Sherehe lini?"

"Baada ya mavuno."

Mganga akamtazama Adelin, na Adelin akatazama chini. Wote watatu walikuwa wamepiga hesabu moja.

Mavuno hayakufika. Mlima wao, Manaro, ambao siku zote ulifuka moshi mwembamba na watu wakazoea, ulianza kutema majivu. Siku ya kwanza watoto waliyachorea picha. Baada ya wiki mbili majani ya magimbi yalikuwa yamelala chini kama matambara, maji ya matangi yana ladha ya chuma, na mapaa ya nyumba yanalia kwa uzito. Saa tano asubuhi palikuwa na giza kama la magharibi. Vuti alikohoa mpaka akatema damu. Adelin alimfunga nguruwe kitambaa chenye maji puani, na ukimcheka kwa hilo, hujui ni nini kulea kitu kwa mate yako.

Ndipo mjumbe akaja na kipaza sauti. Kisiwa kizima kitahamishwa. Meli itafika baada ya siku tatu. Kila mtu abebe begi moja. Wanyama hawapandi.

Jioni ile Vuti alimshika mkewe mkono. Vidole vyake vilikuwa vimejaa kama ndizi mbichi.

"Mwambie Merilin amwambie mumewe. Tufanye kesho. Hata bila wageni. Hata bila ngoma."

Merilin alikwenda, akarudi na majivu kichwani. Hakukaa.

"Wifi yangu, amekataa."

"Amesemaje?"

"Amesema cheo si dawa ya kikohozi, kwamba unameza upone. Wale nguruwe kumi wako wapi? Ndugu wa Vuti waliwapeleka mlimani na njia imeziba. Vijiji vinne viko wapi? Kila mtu anafunga mizigo. Anasema jina lisilosikiwa na watu ni kelele tu."

"Mwambie anakufa."

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

Merilin alijipangusa macho, majivu yakaacha mistari. "Akasema anajua. Kisha akatoka nje."

Adelin alikaa na neno hilo usiku kucha. Asubuhi alifanya jambo ambalo hajawahi kuliona likifanywa. Alikwenda uwanja wa ngoma, mbele ya nakamal, ambako Tevimule alikuwa akisaidia kushusha magoma ya magogo ili yalazwe ndani yasiharibike. Hakujibanza. Alitembea mpaka akabaki hatua tano mbele yake.

Wanaume wakaacha kazi. Tevimule alimwona, na papo hapo akageuka, akampa mgongo. Hakumdharau. Alikuwa akimkinga na aibu.

"Kaka," alisema Adelin.

Mtu mmoja akaguna kana kwamba amepigwa.

"Kaka, ni mimi. Niliyenyonya titi ulilonyonya wewe. Sijawahi kukuomba kitu miaka arobaini. Nakuomba leo. Lile neno moja. Litamke tu. Hata ukilitamka kwa kunong'ona."

Mgongo wa Tevimule haukusogea. Majivu yalikuwa yanamtua mabegani, naye hayafuti.

"Hango," alisema mwishowe, akimwambia mwingine kama desturi inavyotaka, "mwambie huyo mwanamke kwamba nimepanda ngazi hii kwa miaka thelathini. Kila hatua watu waliiona. Nikimpa mtu jina kwa huruma, basi na langu limekuwa la huruma. Na la baba yetu. Na la kila aliyelala kaburini na jani la namele, jani la wenye vyeo, juu yake. Mwambie si kwamba simpendi shemeji yangu."

Hango alimtazama Adelin, kisha akatazama chini. Hakurudia. Hapakuwa na haja.

"Basi umwambie naye," Adelin alimwambia Hango, "wakubwa wote wa kisiwa hiki watapanda meli moja kesho kutwa na begi moja moja. Tutaona cheo kitakaa kwenye begi la nani."

Akaondoka. Njiani alikaa chini kwenye majivu. Aliona amewakosea wote wawili, kaka yake na mumewe, na hajapata kitu.

Siku ya meli, Adelin aliamka akijua atakalofanya. Alimfungua nguruwe kamba. Mnyama alimfuata mwenyewe, akitembea taratibu kwa uzito wake, mpaka uwanjani. Watu walikuwa wanateremka kuelekea ufukweni, mikeka kichwani, watoto mgongoni, nyuso zimefungwa vitambaa. Wengi walisimama.

Aliporudi nyumbani kumchukua mumewe alimkuta Hango mlangoni.

"Nani atambeba? Wewe?" alisema Hango. "Una mgongo gani wewe?" Akainama, akampakia Vuti kama gunia la nazi. "Umenenepa, bwana," alimwambia. "Hii ni maji au ni uvivu?"

"Ni cheo," Vuti alisema, akihema. "Kinaingia kupitia miguuni."

Walimweka kwenye gogo katikati ya uwanja. Adelin akamtandikia mkeka mwekundu mmoja uliokamilika na mwingine uliofikia nusu. Hango akaingia nakamal, akatoka na rungu, kisha akainama juu ya goma moja lililokuwa bado limelazwa nje na kulipiga kwa kipande cha ubao, mdundo wa sherehe, polepole, kwa sababu alikuwa peke yake na mdundo ule unahitaji watu sita.

Vuti alijaribu kuinua rungu. Lilifika magotini, likashuka. Akajaribu tena. Machozi yakamtoka kwa ghadhabu.

Adelin akapiga magoti nyuma yake, akaiweka mikono yake juu ya mikono ya mumewe.

Nguruwe alimwona karibu hivyo, akafungua mdomo alishwe.

Walimpiga mara moja. Walipaswa kumpiga mara moja tu na mara moja ilitosha, kwa sababu nguvu zote zilikuwa za Adelin. Mnyama alianguka ubavu, bila kelele, na mguu mmoja ukacheza kidogo kwenye majivu.

Ngoma ikanyamaza. Sasa ndipo jina hutamkwa.

Tevimule alikuwa amesimama ukingoni mwa uwanja, begi mkononi, Merilin pembeni yake. Watu wote walimtazama. Midomo yake ilifunguka. Adelin aliiona, na maisha yake yote yalikuwa pale, kwenye ule uwazi mdogo kati ya mdomo wa juu na wa chini. Kisha ikafungwa.

Honi ya meli ikalia chini baharini.

"Molibani!" Hango akapaza sauti. "Molibani! Mmesikia nyie? Molibani!"

Lakini Hango alikuwa moto wa pili. Mtu hampandishi mwenzake mahali ambapo yeye mwenyewe ndiyo kwanza amefika. Kila mtu alilijua hilo, na Hango alilijua kuliko wote. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeitikia pia. Wakaanza kuteremka tena ufukweni, mmoja mmoja, macho yakiwa chini.

Kwenye meli Vuti alilala kwenye sitaha, kichwa kwenye mapaja ya mkewe. Kisiwa kilikuwa kimefunikwa, hakionekani.

"Kaka yako alisemaje?" aliuliza.

"Alilitamka."

Vuti akainua kichwa kidogo. "Adelin, nilikuwa nimekaa palepale. Kilichovimba ni miguu, si masikio."

Adelin akatoa kitambaa. Akampangusa uso.

"Lakini asante," alisema Vuti, na akafumba macho.

Santo waliwekwa kwenye uwanja wa shule, katika mahema. Wali ulipikwa kwenye masufuria makubwa, na kila mtu alipanga foleni na sahani ya plastiki: wanawake, watoto, wakubwa wa moto wa juu, wote mstari mmoja. Wazee wengine walikataa. Tevimule kwa siku sita alijichemshia viazi peke yake kwenye kopo nyuma ya choo cha shule. Siku ya saba viazi viliisha. Alisimama kwenye foleni nyuma ya mtoto wa miaka kumi, sahani imebanwa kifuani, na watu wa kijiji chake wakageuza nyuso ili wasimwone. Adelin naye aligeuza uso wake. Alidhani siku hiyo angefurahi. Hakufurahi. Aliona tu kwamba mumewe alikuwa amekaa kwenye moto wa namna hii miaka arobaini, na sasa kwa kuwa umekuwa wa wote, watu wanaulilia.

Hospitali walimpokea Vuti, wakamlaza, wakasema amechelewa. Alikufa siku ya tisa, mchana, Adelin akiwa ameenda kumchotea maji. Aliporudi muuguzi alikuwa ameshavuta shuka.

Mzee mwenyeji, aliyewapa sehemu ya kuzika, alikuwa mtu mwema. Alisimama kaburini na jani bichi la namele mkononi, tayari, akauliza kwa upole ili asikosee desturi za wageni.

"Huyu alikuwa na cheo gani kwenu?"

Swali lilimwangukia Tevimule, kwa kuwa ndiye mkubwa. Adelin alisimama upande wa pili wa kaburi, uso kwa uso na kaka yake, na safari hii hakuna kati yao aliyegeuka. Macho ya Tevimule yalikuwa mekundu. Alikonda siku zile, shati lilimning'inia.

"Alikuwa shemeji yangu," alisema.

Mzee akasubiri. Hakuna kilichoongezwa. Basi akaliweka lile jani chini kwenye nyasi, pembeni, si juu ya kaburi, na wanaume wakaanza kufukia.

Adelin hakulia kama wanawake wanavyolia misibani, kwa maneno na kwa wimbo. Alitoa sauti moja tu, ndefu, isiyo na neno ndani yake, mpaka Merilin akamkumbatia kwa nguvu na kumkalisha chini. Baadaye alimwambia Merilin jambo moja.

"Sikumkasirikia mumeo. Laiti ningeweza. Alisema kweli, na mimi nilimuua yule mnyama bure. Alifungua mdomo, wifi. Alidhani nampa chakula."

Merilin akamshika mkono.

Miezi ilipita, mlima ukatulia, na serikali ikatangaza kwamba wanaotaka kurudi warudi. Watu walilia kwa furaha wakafunga yale yale mabegi. Hango alikuja kwenye hema la Adelin kumuaga.

"Twende, mama. Nitakusaidia kufyeka shamba. Utakula nini hapa?"

"Na huyu nimwachie nani?"

"Aliyekufa hahami, Adelin."

"Ndiyo maana."

Hango alisimama akizungusha kofia mikononi. "Mimi nikipita pale mlangoni sasa," alisema, "nitamtania nani?" Akajaribu kucheka, ikamshinda, akaondoka haraka.

Tevimule alirudi Ambae kwa meli ileile. Wanasema nakamal ilijengwa upya na mioto ikawashwa kama zamani, lakini yeye hajampandisha mtu mwingine tangu siku hiyo. Akiombwa, hutikisa kichwa. Hakuna anayejua kama ni kwa toba au kwa uzee, na Merilin, ambaye angeweza kujua, hasemi.

Adelin alikwenda kwa mke wa yule mzee mwenyeji kuomba kipande cha ardhi. Mama yule alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, si kwa ubaya.

"Panda pale penye mawe," alisema. "Pengine pote pana wenyewe."

Alipanda magimbi penye mawe. Ya kwanza yalikauka. Alipopanda tena mvua ilichelewa, na kila asubuhi alikwenda kuyamwagilia kwa kikombe, shina moja baada ya jingine, kisha akapita kaburini kung'oa magugu, akaketi pale mpaka jua lilipomfukuza.